Ni Chura Tu?



Huku Marekani ninakosoma, nilikuwa nafuga vyura watatu wa miti kwenye sanduku la kioo. Wiki iliyopita wawili wamekufa ghafla. Rafiki yangu akacheka: "Si chura tu jamani?" Mimi nililia. Chura hanywi kwa mdomo, hupokea maji kupitia ngozi. Nami nilikuwa nawawekea maji ya bomba yenye klorini, bila kujua kwamba yanaweza kuwadhuru.

Nikamwendea padre: "Baba, nina hatia?" Akanijibu: "Mwanangu, hukujua wala hukukusudia. Usijibebeshe dhambi usiyotenda. Ila sasa umejua, basi mtunze aliyebaki."

Kijana mwenzangu, Yesu anatufundisha kwamba Mungu hasahau hata shomoro wa bei rahisi (Lk 12:6). Kumlilia kiumbe mdogo si upuuzi. Lakini machozi yasiishie machoni, yafike mikononi. Maji nimeshabadilisha, na kesho nampeleka aliyebaki kwa daktari wa wanyama.

Wewe je, nani amebaki mikononi mwako?

Ee Bwana, tufundishe kuwatunza wadogo uliotukabidhi. Amina.