Elimu ya Mshairi ni Amana

Mtu akipewa amana na mwenziwe, kisha akahama mji, amana ile haimtoki shingoni kwa sababu ya kuhama. Katika mali, jambo hili kila mtu alijua. Lakini leo twataka kuuliza lisiloulizwa na wengi: Je, elimu ya mshairi aliyewafundisha watu umri wake wote, nayo si amana? Na ikiwa ni amana, yawapasa nini wale jamaa zetu waliotoka Mvita, Lamu na Malindi wakaenda kukaa bara, katika miji kama Kitengela na Kajiado, ambako hakuna mnazi wala jahazi?

Na tutazame mfano ulio karibu nasi. Sheikh Ahmed Sheikh Nabhany alizaliwa Lamu mwaka 1927, akafariki mwaka 2017. Umri huo mrefu aliutumia katika kutunga, katika kuhifadhi tenzi za wazee, na katika kuwaeleza maana ya maneno yake wanafunzi wa hapa kwetu na wa ng'ambo waliomwendea. Utungo wake Sambo ya Kiwandeo, uliochapishwa Leiden nchini Uholanzi mwaka 1979, wahusu chombo cha Lamu; na Umbuji wa Mnazi, uliochapishwa Nairobi mwaka 1985, waeleza mnazi na manufaa yake.

Huenda akatokea wa kusema: Mnazi una haja gani ya shairi, nao umesimama uani kila mtu auona? Jawabu yetu ni kwamba kuona si kujua. Mtoto asiyeweza kutenga kidaka na kitale, wala kitale na dafu, wala dafu na koroma, huona kitu kimoja pale ambapo babu yake aliona vitu vinne. Na fundi wa vyombo afapo bila ya mwanafunzi, hafi peke yake. Hufa pamoja naye majina ya mkuku na mataruma na foromali, na yakisha kufa majina, kazi yenyewe haina njia ya kufundishwa. Shairi lenye vina na mizani hushikika moyoni hata kwa asiyejua kusoma. Basi mwenye kuzitia kazi za watu wake katika shairi amewajengea chuo kisichokuwa na kuta.

Wala Sheikh Nabhany hakuwa mtu wa kulilia ya jana tu. Vilipokuja vyombo vipya, alivitafutia majina katika hazina ya lugha yenyewe. Neno runinga, ambalo leo latumiwa na watangazaji wengi wasiojua limetoka wapi, ni katika maneno aliyoyaunda yeye, kwa kuunga rununu, yaani habari za mbali zisikiwazo, na maninga, yaani macho katika Kiswahili cha tungo za kale.

Ama wale wadhanio kwamba ushairi ni upuzi usiomstahiki mtu wa dini, twawakumbusha kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa na mshairi wake, Hassan bin Thabit, na kwamba Qurani ilipowalaumu washairi iliwatoa katika lawama hiyo walioamini wakatenda mema. Na hapa kwetu, Mwana Kupona alipotaka kumwachia binti yake wasia, mnamo mwaka 1858, aliutia katika utenzi. Silaha huhukumiwa kwa mkono unaoishika.

Sasa tuje Kitengela. Mji huu uko katika njia itokayo Nairobi kwenda Namanga, katika nchi iliyokuwa malisho ya Wamasai wa Kaputiei, na wanyama wa mbuga ya Nairobi walikuwa wakipita humo kufuata majani. Tangu miaka ya 1980 ardhi ile iligawanywa na kuuzwa vipande vipande, zikaja nyua na majumba. Katika hesabu ya mwaka 2009 kaunti ya Kajiado ilikuwa na watu 687,312. Katika hesabu ya mwaka 2019 ilikuwa na watu 1,117,840. Miongoni mwao wamo watoto wa Pwani, waliofuata kazi katika viwanda vya Athi River na katika afisi za Nairobi. Watoto wao husema Sheng nyumbani na Kiingereza shuleni, na utenzi kwao ni jambo la mtihani.

Katika jambo hili twaona makosa mawili. La kwanza ni la wale wasemao: Ushairi ni wa Pwani, na huku ni bara, basi tuuache. Hao wameiacha amana njiani. La pili ni la wale watakao kuupeleka ushairi bara kama sadaka ya mwenye elimu kwa mjinga, wakadhani kwamba wenyeji wao hawana kitu. Hao wameichukua amana kwa mkono wa kiburi.

Wamasai wana vitendawili, methali, ngano na nyimbo za sifa. Bi Naomi Kipury alizikusanya, na kitabu chake kikatolewa mwaka 1983. Wana majina ya ng'ombe kwa rangi zao na mabaka yao, ambayo sisi hatuna. Jina Kajiado lenyewe latokana na maneno yao yenye maana ya mto mrefu. Ni wangapi katika wahamiaji walioliuliza? Mtoto wa mchungaji ambaye malisho ya babu yake yamekuwa viwanja vya nyumba, naye yamtoka majina ya ng'ombe kama yanavyomtoka mtoto wa fundi wa Lamu majina ya mbao za jahazi. Msiba ni mmoja. Na katika haki za jirani, kumwona jirani yako apotewa na ulimi wake nawe ukanyamaza si ujirani mwema.

Basi amana ya Sheikh Nabhany haitimizwi kwa kukariri tungo zake peke yake, ijapokuwa kuzikariri ni jambo zuri. Yatimizwa kwa kufanya kazi aliyoifanya yeye, katika nchi anayoikaa mtu. Walimu wa madrasa za Kitengela na Kajiado wanaweza kuitenga saa moja katika wiki. Wawapeleke vijana kwa akina mama watungao shanga, na mnadani kwa wauza ng'ombe, na katika karakana ya vioo iliyoanzishwa na msanii Nani Croze, ambako vioo vilivyotupwa huyeyushwa vikafanywa vyombo vipya. Waulize jina la kila kitu kwa Kimasai na kwa Kiswahili. Na pasipo na jina, walitafute kama alivyolitafuta yeye. Kisha watunge, na watoto wa wenyeji watunge pamoja nao, kila mmoja kwa lugha ya mamake.

Na mzee afundishaye, alipwe. Twamlipa mwalimu wa hesabu bila ya kunung'unika, lakini mshairi twampa shangwe za arusini, kisha twamwacha arudi kwake mikono mitupu, na akisha kufa ndipo tumwitapo hazina.

Hatusemi kwamba kutunga ni fardhi juu ya kila mtu. Twasema kwamba elimu yenye manufaa ikishikwa na baadhi ya watu, wengine wamepumzika. Na ikiachwa na wote, hasara ni ya wote, wa Pwani na wa bara. Wazee wenye kuyajua majina haya wangali hai katika miji yote miwili, na kila mwaka wapungua. Na aanze mmoja mwezi huu, kabla ya kungojea kamati.

Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuwafikisha.