Papa Aliyekwenda na Wajane Tribinali



Tumemzika mzee wetu, karani wa zamani wa njia ya reli. Jina lake hatuliandiki hapa, kwani yeye mwenyewe hakupenda lisomwe mbele ya watu. Ninyi mliokuwa kwenye matanga mliona wajane waliokuja, wengine si wa kanisa letu. Kwa sababu yao tunauliza: Mkristo afanye nini wakati amani ya jamaa na haki ya mnyonge zinapigana?

Miaka iliyopita ndugu mmoja wa parokia alikufa. Kabla matanga hayajavunjwa, wadogo zake wakaleta lori. Wakapakia vitanda, viti, masufuria, hata mlango wa jikoni. Mama na watoto wanne wakabaki wamekaa juu ya mkeka. Wawili kati ya hao wadogo walikuwa wanasali pamoja nasi. Sisi mashemasi tulikwenda, tukaomba, tukamwambia mama avumilie. Tuliogopa kanisa lisigawanyike. Mzee akatuuliza: «Aliyenyang'anywa mmemwombea. Aliyenyang'anya mmemwambia nini?» Hatukuwa na jibu.

Kesho yake alitoka Katuba kwa miguu pamoja na yule mama, kitabu cha Sheria ya Jamaa kikiwa kimefungwa ndani ya plastiki. Sheria hiyo ni ya tarehe 1 Agosti 1987, na ilirekebishwa mwaka 2016. Inasema watoto ndio warithi wa kwanza, nao wanapata robo tatu ya mali. Mjane naye ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba aliyoishi na mume wake. Lakini ndoa isiyoandikishwa kwa Leta inamletea mjane taabu nyingi, na kwa hiyo mzee alitusumbua kila mwaka: «Mmelipa mahari, mmebarikiwa kanisani, vizuri. Karatasi iko wapi?» Tulimcheka. Leo tunajua nani alikuwa na akili.

Tulimpinga kwa mfano wa Papa Simon Kimbangu. Tulisema yeye hakushitaki mtu. Ni kweli. Huko Thysville alihukumiwa na tribinali ya kijeshi bila avokati, na tarehe 3 Oktoba 1921 akapewa fimbo 120 na kifo. Mfalme Albert aligeuza kifo kuwa kifungo cha maisha, na Papa alikaa gerezani hapa mjini kwetu, Elisabethville ya wakati ule, mpaka alipofariki tarehe 12 Oktoba 1951. Alivumilia miaka thelathini. Mzee alisikiliza yote, kisha akasema: «Alivumilia mgongo wake mwenyewe. Ninyi mnavumilia kwa mgongo wa huyu mama.»

Neno hilo lilituchoma. Mtu akiusamehe ubaya aliotendewa yeye, huo ni moyo wake na Mungu wake. Lakini mimi nikimsamehe mwizi wa jirani yangu, nimetoa zawadi isiyo yangu. Yule mjane wa Luka 18 alirudi kwa mwamuzi mara nyingi, na Bwana hakumkemea. Na wazee wetu waliosali kwa siri pamoja na Mama Marie Mwilu, je, hawakuwaandikia wakubwa wa Wabeleji kudai ruhusa ya kusali? Kama wangenyamaza ili wasimuudhi mtu, kanisa lisingekubaliwa tarehe 24 Desemba 1959.

Tunaimba Bolingo, Mibeko, Misala. Mzee alisema sisi tunaruka ile ya katikati.

Hakuwa mpole kila siku, tusimpake mafuta. Alisema maneno makali, na jamaa fulani walikataa kula bukari nyumbani kwake mpaka mwisho. Lakini hakuwa mtu wa wanawake tu. Mjane mmoja alipowaficha watoto wa mke wa kwanza pesa za baba yao, mzee alisimama upande wa watoto, na yule mama alimtukana barabarani.

Mmoja wa wale wenye lori alikuja kwenye matanga. Alibeba maji siku zote tatu, bila kusema neno.

Kitabu kile, na plastiki yake, kimebaki kwa mke wa marehemu. Juma lililopita mama mmoja alikuja kumwulizia mzee, hakujua kwamba amekufa. Anatakiwa tribinali siku ya Jumatatu saa tatu asubuhi. Mashemasi tutakutana Jumamosi baada ya usafi wa hekalu, ili tujue nani atakwenda naye.