Haya Isiyofunza

Ndugu zetu Waislamu, hapa Zombe, mashariki ya mji wa Kitui, sisi ni wachache, na wengi wetu tumewaacha jamaa zetu Mombasa, Malindi na Lamu.

Siku moja mama mmoja alitujia darasani na simu ya binti yake mkononi, amempokonya. Binti amebakiwa na majuma matatu aolewe, naye mama amemkuta akitazama video ya mwanamke aelezaye mambo ya unyumba. Alitaka tuhukumu kuwa video hizo zote ni haramu. Tukamwomba kwanza atwambie yaliyosemwa. Naye, kwa insafu yake, hakuficha: mwanamke yule alieleza hedhi na josho lake, na kwamba mke ana haki ya kutendewa kwa upole usiku wa kwanza. Tukamwuliza, "Haya, nyumbani ni nani aliyemfunza?" Akajibu, "Nilidhani shangazi yake." Na shangazi yuko Malindi!

Pwani kazi hii ilikuwa ya somo. Wakamba, majirani zetu, walikuwa na nzaiko yao. Sisi hapa somo hatunaye, na mama aona haya. Basi twamlaumuje binti kwa kuuliza pale palipo na mwenye kujibu? Bibi Umm Sulaym alimwuliza Mtume (S.A.W.) waziwazi juu ya mwanamke aotaye ndoto kama aotavyo mwanamume, na Mtume hakumkemea, alimjibu. Naye Bibi Aisha (R.A.) aliwasifu wanawake wa Ansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuijua dini yao. Haya yetu sisi imewazuia binti zetu, kisha twaiita adabu.

Lakini mama yule alikuwa na jambo la pili, na hili tulimkubalia. Ile video ilipokwisha ilijileta nyingine yenyewe, na humo mwanamke mwingine alikuwa akisimulia yaliyopita baina yake na mumewe, huku akicheka, na kuwataka watazamaji wamwandikie ya kwao. Hapa hatuna shaka. Imepokewa katika Sahihi ya Imam Muslim kwamba miongoni mwa watu wenye daraja mbaya kabisa Siku ya Kiyama ni yule amwendeaye mwenziwe wa ndoa kisha akaitoa siri yake. Qur'ani imewafananisha mume na mke na vazi, kila mmoja kwa mwenziwe. Na huyu amelianika vazi lake sokoni.

Wako wasemao kwamba pasipo kujitolea mfano watu hawafahamu. Sisi hatuoni hivyo. Mwana Kupona binti Msham, mwaka 1858, hali ni mgonjwa, alitunga utenzi kumwusia binti yake namna ya kukaa na mume. Yamo ambayo leo twaweza kuyajadili, wala si haramu kuyajadili. Umesomwa pwani yote kwa zaidi ya miaka 160, na ndani yake hakuna siri ya kitandani iliyofichuliwa.

Tofauti yatoka wapi? Twadhani yatoka katika malipo. Mama yule alimkusudia kwanza binti yake. Mwenye video hupata chumo lake kwa wingi wa macho, na macho huchoka upesi. Asiyekuwa na jipya la kufunza leo, kesho atatoa la mumewe. Hata aliyeanza kwa nia njema mvuto huu humwandama, nasi twamhurumia kabla ya kumlaumu.

Mama aliirudisha simu. Tukamwandikia bibi mmoja wa Malindi, aliyekuwa somo miaka mingi, aje Zombe mara moja kwa mwezi akae na wasichana, na amekubali. Wavulana, ambao nao wana simu zao na wataoa hao hao wasichana, bado hatujawapatia mwalimu. Tumewaomba wazee watatu wa darasa letu hili, na kila mmoja ametwambia aona haya.