Kuulinda Msitu na Kumpenda Jirani

Kijana wa usharika akichaguliwa kusomea udaktari, watu hushangilia na jina lake hutajwa kwenye matangazo. Akichaguliwa kusoma uhifadhi wa maliasili katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, au katika chuo cha wanyamapori cha Mweka kilicho kwenye miteremko ya Kilimanjaro, wazazi wake huulizwa kwa upole: "Sasa akimaliza atafanya kazi gani? Kulinda miti?" Swali hilo lina dharau kidogo, lakini ndani yake yamo maswali mawili ya imani. Ikiwa dunia ni ya Mungu, naye ndiye aitunzaye, sisi tunasomea nini kuilinda? Na ikiwa jirani yetu maskini anaishi kwa kukata miti, Mkristo amtetee nani, mti au jirani?

Tuanze na la kwanza. Sura ya pili ya kitabu cha Mwanzo inaeleza kwamba mwanadamu aliwekwa bustanini kwa kazi mbili, kulima na kutunza. Ya kulima tumeishika sana. Ya kutunza tumeiachia Serikali. Lakini wakili aliyekabidhiwa ghala hawezi kuwa mwaminifu asipojua mna magunia mangapi, na mangapi hutoka kila mwezi. Wanafunzi hawa hujifunza hesabu hiyo. Hupima unene wa mti kwenye usawa wa kifua, mita 1.3 kutoka ardhini, hukadiria ujazo wa msitu mzima na kiasi unachokua kwa mwaka, ili kinachovunwa kisizidi kinachoota. Hujifunza pia habari za udongo, maji, sheria na namna ya kukaa na wanakijiji. Milima ya Uluguru inayoitazama Morogoro hutoa maji yanayoingia Mto Ruvu, na maji ya Ruvu ndiyo yanywewayo na wakazi wengi wa Dar es Salaam. Kuujua msitu wa namna hiyo na kuutunza ni uwakili kamili.

Wako wapendwa wanaosema kwamba ulimwengu huu unapita, na Mungu ameahidi mbingu mpya na nchi mpya, basi tushughulike na roho. Ahadi hiyo naiamini. Lakini mpangaji aliyeambiwa kuwa nyumba itajengwa upya hapati ruhusa ya kuchoma paa wakati watoto wamelala ndani. Mwili nao unapita, na bado tunampeleka mgonjwa hospitali.

Swali la pili ni gumu zaidi. Mjane mwenye watoto wanne anaingia msituni, anakata miti, anachoma mkaa, anauza, analipa ada ya shule. Tanuri lake la udongo linapoteza sehemu kubwa ya kuni, kwani mara nyingi kilo 100 za kuni hazifikishi kilo 20 za mkaa. Huku bonde linakauka, na walioko chini ya mto, pamoja na wasiozaliwa bado, wanapungukiwa. Hao nao ni jirani zake, na ni jirani zetu. Kumwacha aendelee ni kuwadhulumu hao. Kumkamata na kumwachia watoto njaa ni kumdhulumu yeye.

Tena tusijifiche nyuma ya mjane. Mkaa wake unapikia maharage yetu, pilau ya harusi zetu na chai ya wageni wa kanisa. Anayeununua ameshika shoka pamoja naye.

Kwa hiyo elimu peke yake haitoshi. Mwaka 2013 Serikali ya Tanzania iliendesha Operesheni Tokomeza dhidi ya ujangili. Tembo walikuwa wakiuawa kwa wingi, na lengo lilikuwa jema. Malalamiko ya wananchi kuteswa na kunyang'anywa mali yalipofika bungeni, operesheni ilisitishwa, na kabla ya mwaka kwisha mawaziri wanne walikuwa wamepoteza nyadhifa zao. Tukiona jirani anaumizwa kwa ajili ya kiumbe kingine cha Mungu, tujue tumeshika nusu moja ya amri na kuiacha nusu nyingine.

Torati inatupa mfano wa kuzishika zote mbili. Mwenye shamba aliagizwa asivune mpaka pembeni, ili maskini na mgeni wapate masazo. Ardhi yenyewe iliagizwa ipumzike kila mwaka wa saba. Hivyo tajiri aliwekewa mpaka, maskini akapewa haki, na udongo ukapewa pumziko, vyote katika sheria moja.

Jambo linalofanana na hilo linawezekana kwetu. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kuwa na hifadhi yake na kuisimamia. Wilayani Kilosa vipo vijiji vilivyogawanya msitu wao katika vipande vidogo. Kipande kimoja huvunwa kwa mkaa, kisha hupangiwa kupumzika miaka 24 ili visiki vichipue, na ushuru hubaki kijijini kwa ajili ya shule, zahanati na ulinzi wa msitu. Mpango kama huo unahitaji mtu aliyesoma kupima msitu, naye awe mtu wa kuketi na mjane na kumsikiliza.

Hata hivyo si kila msitu unaweza kuvunwa. Kwenye chanzo cha maji jibu litakuwa hapana, na mjane ataisikia hapana hiyo tumboni. Hapo ndipo imani yetu hupimwa. Anayemwambia asikate hana budi kubeba sehemu ya njaa yake. Mhifadhi peke yake hawezi kuibeba. Usharika unaweza, kwa mfuko wake wa diakonia, kwa majiko banifu jikoni mwa kanisa, na kwa mtaji mdogo wa kufuga kuku au nyuki.

Basi kijana wetu anayekwenda kusoma misitu naye atajwe kwenye matangazo na kuombewa. Na mwezi huohuo wazee wa usharika wakae kuulizana ni familia zipi zinazoishi kwa mkaa, na kila moja inahitaji nini ili iache.