Gari jipya au la mtumba: Tuulize kwanza limenunuliwa kwa njia gani

Sifa njema zote anastahiki Mwenyezi Mungu (SW), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), ahali zake, Maswahaba zake na kila aliyefuata mwenendo wao.



Katika mambo yanayozungumzwa sana siku hizi barazani, ofisini na hata kwenye veranda za misikiti baada ya swala, mojawapo ni hili la gari. Mtu amejaaliwa kazi, biashara imemnyookea kidogo, watoto wanasoma mbali, mzee anahitaji kupelekwa hospitali. Anataka gari. Hapo rafiki zake wanagawanyika makundi mawili. Wapo wanaomwambia achukue mkopo anunue jipya kabisa, lenye kilomita sifuri, asiwe mteja wa mafundi. Na wapo wanaomwambia aagize la mtumba kutoka Japani, au achukue lililokwishatumika hapa hapa mjini.

Kinachosikitisha ni kuwa katika mjadala mzima huo utasikia bei, mafuta, spea na rangi. Hutasikia riba. Hutasikia deni. Hutasikia ghushi. Kana kwamba dini yetu inaishia mlangoni mwa msikiti, na yadi ya magari ina sheria zake nyingine!

Kipando ni neema

Tuanze kwa kusahihisha dhana moja. Uislamu haumkatazi mtu kuwa na kipando kizuri. Katika Suratun-Nahl, aya ya 8, Mwenyezi Mungu anataja farasi, nyumbu na punda kuwa ni vya kupanda na pia ni pambo, kisha akaashiria kuwa anaumba na tusivyovijua. Na katika Hadithi aliyoipokea Saad bin Abi Waqqas (RA), Mtume (SAW) alikihesabu kipando chenye raha miongoni mwa mambo ya furaha ya mtu, pamoja na mke mwema, nyumba yenye nafasi na jirani mwema.

Kwa hiyo asije mtu akamnyooshea kidole nduguye kwa kuwa tu ana gari zuri. Kama amelipata kwa halali, hakufanya israfu na haki za watu amezitekeleza, hiyo ni riziki yake.

Vile vile kununua kilichotumika si aibu. Jabir bin Abdillah (RA) alikuwa safarini na ngamia wake aliyechoka. Mtume (SAW) akamnunua ngamia yule yule, kwa bei waliyokubaliana, na Jabir akaweka sharti la kumpanda mpaka wafike Madina. Sharti likaheshimiwa. Walipofika, Mtume (SAW) aliamuru alipwe bei yake na nyongeza, kisha akamrudishia na ngamia wake. Huyo ndiye mbora wa viumbe, na alichonunua ni kipando kilichokwishatumika. Sisi tunaona haya ya nini?

Kipya kinyemi

Waswahili walisema kipya kinyemi kingawa kidonda. Gari jipya lina faida zake za kweli, tusizikanushe. Lina dhamana ya kiwandani, historia yake inajulikana, na mnunuzi hatarajii kushinda gereji. Mwenye uwezo wa kulilipia bila kuumiza wanaomtegemea, na bila kuingia katika haramu, alinunue na amshukuru Mola wake.

Lakini wengi wetu si watu wa namna hiyo. Wengi wanalinunua kwa mkopo wa riba, na hapa ndipo msiba ulipo. Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme mtu amekopa shilingi milioni 40 kwa riba ya asilimia 17 kwa mwaka, inayohesabiwa kwa salio linalopungua, alipe kwa miaka 5. Kila mwezi atakatwa kiasi cha shilingi 994,000. Akimaliza atakuwa amelipa karibu milioni 59.6. Yaani milioni 19 na ushei ni riba tupu! Kwa fedha kama hiyo wapo watu wengi waliojinunulia gari dogo la mtumba na linawapeleka kazini kila siku.

Na wakati yeye anaendelea kulipa, gari lenyewe linashuka thamani. Gari jipya hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake katika miaka michache ya mwanzo. Basi mtu huyu anapoteza pande mbili: deni linakua kwa riba, na mali inapungua kwa uchakavu. Ndiyo ile kukopa harusi, kulipa matanga.

Hayo ni ya dunia. Ya akhera ni mazito zaidi. Katika Suratul-Baqara, aya ya 275, Allah (SW) amehalalisha biashara na ameharamisha riba. Aya ya 279 inatangaza vita vitokavyo kwa Mwenyezi Mungu na Mtume wake kwa asiyeiacha. Je, ndugu yangu, kuna gari gani lenye thamani ya kupigana vita hivyo? Unaliendesha kwenda swala ya Ijumaa, unasoma dua ya safari iliyofundishwa katika Suratuz-Zukhruf, aya ya 13 na 14, ya kumtakasa aliyekutiishia chombo hicho, na chombo chenyewe umekipata kwa kumuasi. Tujitafakari.

Mtumba nao si kibali cha kughushi

Tukisema hivyo, asidhani mtu kuwa la mtumba ni salama kwa sababu tu halina mkopo. Biashara hii ni kubwa mno. Ripoti ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, ya mwaka 2020 ilieleza kuwa kati ya mwaka 2015 na 2018 Ulaya, Japani na Marekani zilisafirisha nje magari madogo yaliyotumika yapatayo milioni 14, na Afrika ndiyo iliyopokea sehemu kubwa kuliko bara jingine. Palipo na biashara ya ukubwa huo, shetani naye hakosi meza yake.

Wapo wanaorudisha kilomita nyuma. Gari limetembea kilomita laki moja na nusu, dashibodi inasoma elfu sitini. Wapo wanaopiga rangi palipogongwa na kunyamaza. Wapo wanaomwaga oili nzito kwenye injini ili isisikike inavyogonga siku ya majaribio. Wapo madalali wanaoapa kwa jina la Allah kuwa gari lilikuwa la daktari mmoja, halijawahi kutoka nje ya mji.

Nawauliza wafanyabiashara wetu: Suratul-Mutaffifin imeteremshwa kwa ajili ya nani? Inawaonya wanaopunja vipimo. Mita ya kilomita ni kipimo. Mwenye kuirudisha nyuma ana tofauti gani na muuza mchele mwenye mzani wa wizi?

Mtume (SAW) alipita sokoni, akaingiza mkono katika rundo la nafaka, akakuta chini kumeloa. Alipoambiwa kuwa ni mvua, alimhoji mwenye mali kwa nini hakuuweka ule umaji juu watu wauone, kisha akabainisha kuwa mwenye kughushi hayumo pamoja naye. Hadithi hiyo ameipokea Imam Muslim. Na katika Hadithi ya Hakim bin Hizam (RA), iliyomo kwa Bukhari na Muslim, tunafundishwa kuwa muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na kubainisha kasoro hubarikiwa katika biashara yao, na wakificha na kusema uongo baraka hufutwa. Muuzaji, ukiijua gia inateleza, sema. Bei itashuka, lakini baraka itabaki.

Tena mwenye yadi akumbuke kuwa magari aliyoyanunua ili ayauze ni mali ya biashara. Yakitimiza nisabu na kupitiwa na mwaka, yana zaka ya asilimia 2.5 kwa thamani yake ya siku hiyo. Gari la mtu la kupanda halina zaka, la kuuza linayo.

Mnunuzi asijitie upofu

Mnunuzi naye ana wajibu. Kutawakali si kufumba macho. Alikuwapo mtu zama za Mtume (SAW) aliyekuwa akipunjwa katika manunuzi. Akafundishwa aseme wakati wa mapatano kuwa pasiwe na hadaa. Wanachuoni wamechukua hapo somo la mnunuzi kujiwekea hiari ya kurudisha.

Kwa hiyo, ndugu, mlete fundi wako mwenyewe, si wa muuzaji. Kwa gari linalotoka Japani, dai karatasi ya mnada yenye daraja la gari, na cheti cha kufutiwa usajili, ambamo kilomita zake huweza kulinganishwa na dashibodi. Wajapani wana ukaguzi wa lazima, wa kwanza ukiwa baada ya miaka 3 kwa gari jipya na baadaye kila miaka 2, hivyo kumbukumbu huwapo. Tazama tairi: tarakimu nne zilizopigwa ubavuni huonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa, mfano 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tairi inaweza kuwa na meno mazuri na mpira wake umekwisha.

Liko na jambo la roho za watu. Mifuko ya hewa iliyotengenezwa na kampuni ya Takata ya Japani ilisababisha mamilioni ya magari duniani kuitwa yarudishwe yarekebishwe, na kampuni hiyo ilifilisika mwaka 2017. Kasoro yake huzidi katika joto na unyevu, na kwetu Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja ndiyo hali ya hewa yenyewe. Chukua namba ya chesesi ukaulize kwa watengenezaji kama gari hilo lilikwisharekebishwa. Kuhifadhi nafsi ni katika makusudio ya sheria yetu. Na gari linalotoa moshi mweusi au lisilo na breki ni dhara kwa wapita njia, na Mtume (SAW) ametukataza kudhuru na kudhuriana.

Jingine ni maandishi. Watu wananunua gari ambalo kadi yake bado ina jina la mmiliki wa tatu nyuma, kwa sababu wameaminiana. Aya ya 282 ya Suratul-Baqara, ambayo ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, inazungumzia kuandikiana deni na kuweka mashahidi wakati wa kuuziana. Andikianeni, wekeni mashahidi, hamisheni umiliki, ulizeni faini za barabarani zisizolipwa. Kuaminiana hakuvunjwi na kalamu.

Asiye na fedha taslimu afanyeje?

Hapa tusiwafungie watu milango. Jamhuri ya wanachuoni wanajuzisha kununua kwa malipo ya awamu kwa bei iliyozidi ya taslimu, ilimradi bei moja ikatwe siku ya mkataba na isiongezeke kwa kuchelewa. Iko pia murabaha: benki inalinunua gari, inalimiliki, kisha inakuuzia kwa faida inayojulikana. Jopo la Fiqhi la Kiislamu la kimataifa, katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1988, liliweka wazi sharti kuwa benki iwe imekwishalimiliki na kulipokea gari kabla ya kukuuzia, na ibebe dhamana likiharibika mikononi mwake. Hapa Tanzania Amana Bank ilianza kazi mwaka 2011, na benki nyingine zimefungua madirisha ya huduma hizo, kama CRDB kwa Al Barakah mwaka 2021.

Lakini usitosheke na jina la Kiarabu mlangoni. Soma mkataba. Uliza: gari litakuwa la nani kabla ya kuuziwa mimi? Nikichelewa, nyongeza inakwenda wapi? Kama jibu ni fedha tu kupita mkononi mwako na kurudi na ziada, hiyo ni riba iliyovaa kanzu.

Na hata deni la halali ni deni. Mtume (SAW) alikuwa akikithirisha kumuomba Allah amkinge nalo. Asiye na haja ya gari, na daladala inamfikisha, asubiri.

Tuhitimishe

Hukumu basi si jipya wala kuukuu. Gari kuukuu la halali ni bora kuliko jipya la riba, na jipya la halali ni bora kuliko kuukuu lililouzwa kwa hadaa. Na mwenye fedha za yote mawili ajiulize swali moja zaidi: je, amekwishahiji? Wanachuoni hawakumlazimisha mtu kuuza kipando anachokihitaji ili ahiji, ila kile kilichozidi haja yake kinahesabiwa katika uwezo wake. Huenda tofauti ya bei kati ya gari jipya analolitamani na la mtumba linalomtosha ndiyo nauli yake ya Makka. Huenda ndiyo deni la marehemu baba yake, au ada ya yatima wa nduguye. Suratul-Furqan, aya ya 67, imewasifu waja wa Rahmani kuwa wanapotoa hawafanyi israfu wala ubakhili, bali hushika njia ya kati.

Siku ya Kiyama mja ataulizwa kuhusu mali yake maswali mawili: aliichuma wapi, na aliitumia katika nini. Aina ya gari haimo. Tuyaandae majibu kabla ya kutia saini.

Wabillahi tawfiq.