Mzee wa Jiwe na Babu wa Mti

Katika mji wa Roma kuna kisima kikubwa cha fahari kiitwacho Trevi. Papa Clement XII aliagiza kijengwe mwaka 1732, nacho kikamalizika mwaka 1762. Juu ya maji amesimama mzee mwenye ndevu, aliyechongwa katika jiwe jeupe na fundi Pietro Bracci. Huyo ndiye Oceanus, ambaye Wagiriki wa kale walimsadiki kuwa mungu wa maji yaizungukayo dunia.

Mkatekumeni wa Fizi au Baraka aweza kuuliza: “Ikiwa Papa aliweka mungu wa wapagani kisimani, mbona sanamu ya babu yangu inalaumiwa?” Swali hilo ni la haki, wala halistahili kukemewa.

Kwanza, jiwe si dhambi, wala mti si dhambi. Dhambi huingia moyo uombapo kwa kiumbe lile limpasalo Mungu peke yake. Watu wa Roma hawamwombi Oceanus mvua. Ibada yake ilikufa zamani; amebaki pambo tu.

Pili, Oceanus hakuishi kamwe, bali babu aliishi, akalima, akazaa, na amri ya Mungu yataka wazazi waheshimiwe. Wachongaji wa Kibembe na wa Kibuyu waliochonga sura za wazee wao hawakufanya kazi ya kuchekwa. Baadhi ya kazi zao zatunzwa leo katika majumba ya makumbusho ya Ulaya. Lakini babu ni mtu, naye mwenyewe ahitaji kuombewa. Amwekeaye unga na pombe ili mtoto apone, amtwika marehemu mzigo usio wake.

Tatu, yuko jirani. Mtume Paulo aliwafundisha Wakorinto kwamba sanamu si kitu, lakini mwenye kujua hayo asimkwaze ndugu aliye dhaifu. Basi mkatekumeni asiichome sanamu kwa hasira, wala asimwuzie mchuuzi usiku, maana ni mali ya ukoo. Aseme na wazee wake kwa adabu, na ashauriane na padri.

Oceanus aliwekwa kisimani kwa kuwa hakuna tena aliyemwogopa. Mkatekumeni naye ajipime hivi: mtoto auguapo usiku wa manane, moyo wake wamkimbilia nani?