Jiwe Lililopita Tanurini

Kuta za Mji Mkongwe, Unguja, asili yake ni baharini. Nyumba nyingi za pale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, yaani mabaki ya viumbe wadogo waliojijengea maskani ya chokaa, yakashikamana kwa maelfu ya miaka, kisha bahari ikashuka na kuyaacha nchi kavu. Pale plasta ilipobanduka, mpita njia akisogeza uso huona vijitundu vya tumbawe na vipande vya kombe ndani ya jiwe.

Kitabu cha jiografia huliita jiwe hilo mwamba tabaka, hulipa aya moja, kisha hukimbilia mchoro wa mduara wenye mishale. Mwamba moto humomonyoka, mashapo hulundikana yakawa mwamba tabaka, joto na mgandamizo huugeuza kuwa mwamba geu, nao huyeyuka ukaanza upya. Mwanafunzi hukariri, hufaulu mtihani, na hubaki akiamini kwamba mawe yote hupanga foleni.

Hayapangi. Majabali ya Mwanza yanayobebana kandokando ya Ziwa Victoria ni matale, mwamba moto wenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Ukivunja kipande utaona madini yake kwa macho: kwatzi inayong'aa, feldispa, na chembe za ulanga. Umri wote huo, na bado ni matale.

Mererani, ilikogunduliwa tanzanaiti mwaka 1967, ni habari nyingine kabisa. Wachimbaji hutoka shimoni weusi tii kwa vumbi la kinywe, na kinywe hicho kinatokana na uhai: mabaki ya viumbe yaliyozikwa kwenye tope la bahari ya kale. Tope likafukiwa, likabanwa na kupashwa joto, na zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita tanzanaiti ikakua humo, ikipata ubuluu wake kutokana na vanadi. Mwaka 2020 mchimbaji Saniniu Laizer aliiuzia serikali vipande viwili vya tanzanaiti vyenye jumla ya zaidi ya kilo 14 kwa shilingi bilioni 7.7. Magazeti yaliandika fedha, tope halikutajwa.

Lakini kwa mwalimu anayetaka darasa lielewe, tanuru la chokaa la pwani lina faida zaidi kuliko mchoro wowote. Mafundi hupanga magogo, hurundika juu yake mawe ya matumbawe, kisha huwasha moto. Joto hufukuza hewa ya kaboni dioksidi iliyofungwa ndani ya jiwe. Kinachobaki humwagiwa maji, kikafoka na kutoa mvuke, kikalainika. Chokaa hiyo ikichanganywa na mchanga na kupakwa ukutani, taratibu huirudisha hewa ileile kutoka angani na kuwa jiwe tena. Kilwa Kisiwani, misikiti na majumba yalishikizwa kwa ufundi huo karne nyingi kabla ya saruji.

Tatizo la chokaa ni kwamba haina haraka, na mwenye nyumba wa leo anayo. Hupaka saruji, ukuta ukapendeza upesi. Lakini ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu na kuutoa, na saruji huziba njia hiyo. Maji hubaki ndani, chumvi hujikusanya, na plasta mpya huanza kuvimba na kumeguka, ikiondoka na vipande vya jiwe lenyewe.